Mtungi wa Harusi ya Neema

Kitanga, Jumapili usiku

Haukupasuka. Naandika hilo kwanza, maana tangu jana nilikuwa roho juu. Mke wangu aliufinyanga mtungi ule kwa pombe ya ndizi ya harusi ya binti yetu Neema, na muda wa kufinyanga mwingine hatuna.

Yeye huchoma vyungu uwanjani, kwa nyasi na kuni. Tanuri langu la udongo wa kichuguu alilicheka: "Baba Neema, hilo litaivisha mahindi, si mtungi." Lakini mvua zimelowesha nyasi zote, akakubali.

Jana mchana, mkaa uliposhika vizuri, nilimwita achungulie tunduni. Mtungi uling'aa wenyewe, mwekundu, hata usijue moto unaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Nilitaka kumweleza habari za joto, lakini nikainama tu kuchungulia naye.

"Ziba," akanong'ona. "Uache upoe taratibu."

Leo baada ya misa tukafungua. Akaugonga kwa kucha, ukalia kama kengele. Akaugonga tena, bila haja yoyote.

Nimefundisha sayansi miaka mingi. Udongo ule niliukanyaga mwenyewe kule bondeni, na ulikuwa matope tu.