Risasi bila baruti

Layla uko? Binamu yangu Ismael ameharibu. Ile kazi ya kupiga pundamilia waliozidi kwa ranchi huku Konza imeenda. Imeenda!

Aliwekewa bunduki mbili achague. Moja iko na darubini, ingine ni gobore, unalenga na macho tu na kale kachuma ka mbele. Jamaa akachukua gobore! "Babu aliangusha nyati na moja kama hii," akasema.

Sasa gobore unaanza na baruti, halafu risasi. Ismael akasukuma risasi mpaka chini kabisa. Baruti? Bado iko kwa ile pembe ya kuibebea, kiunoni!

Akalenga. Akavuta. Fataki, ile ya kuwasha baruti, ikalia TAP. Wallahi Layla, tap tu! Pundamilia akainua kichwa, akamwangalia, akarudia nyasi.

Mzee Kahiga, meneja, akasema polepole, "Kijana, nirudishie hiyo fimbo."

Fimbo!

Saa hii amekaa kwa jiwe anachokoa risasi na waya, haitoki. Ananiuliza, "Nimesahau aje, na babu alinifunza?"

Hakusahau. Akishika ile pembe, mimi nilikuwa nyuma ya Kahiga namwigiza vile anatembea. Ismael alicheka mpaka machozi, akarudisha pembe kiunoni bila kumimina.

Layla, namwambia aje?