Kuta za Tanuri la Normand

Fort Kent, Maine
Tarehe 9 Novemba

Dada yangu Claudette,

Pokea salamu zangu na za shemeji yangu Yvette, mke wa kaka. Vipi kazi huko Bangor, na kifua cha mumeo kimepoa? Huku theluji imeshaanguka. Mimi ni mzima, isipokuwa mdomo, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Unalijua lile bodi la lori kuukuu tulilogeuza tanuri la kukaushia kuni. Joto lilikuwa linatoroka kwenye mabati, kuni zinabaki mbichi, wateja wananung'unika. Kaka Normand akaniagiza nijaze kuta sufi ya kioo, zile nyuzinyuzi za kuzuia joto lisitoke, kisha nipigilie mbao juu yake. Nilifanya kazi wiki nzima, nikasahau kutandaza nailoni upande wa ndani. Mvuke wa kuni ukapenya ukutani, sufi yote ikalowa chapachapa na kuporomoka.

Jumamosi moja asubuhi Normand alibandua ubao, akaiona. Aliniuliza taratibu kama nina akili za kuku. Nikamjibu kwamba yeye alipita pale kila siku na hakusema neno. Akanikaba, akanigongesha kichwa ukutani mara mbili, akanishindilia sufi mdomoni huku akicheka. "Kula, bwana mdogo. Kazi yako hiyo, ionje." Vile vinyuzi vilinichana ulimi, nikatema damu siku mbili. Unajua amekuwa akinipiga tangu utotoni, na baba akisema ndivyo mwanamume anavyokomazwa.

Tulizijaza kuta upya, safari hii kwa nailoni na sufi maradufu. Zikawa nene hata ukisimama nje husikii feni inavyounguruma ndani.

Jumanne mchana, tanuri likiwa limechemka, Normand aliingia kukagua kuni. Polisi wameandika kwamba upepo uliufunga mlango na komeo likaanguka. Ni yeye aliyewaeleza hivyo, kwa karatasi, maana bado hawezi kuzungumza, na mikono imechunika kwa kugonga.

Hakukuwa na upepo, Claudette. Niliusukuma mlango mimi, nikashusha komeo. Ilibidi nibandike sikio kwenye bati ndipo nimsikie akiniita kwa lile jina langu la utotoni. Yvette alitoka kuchukua barua, akauliza mumewe yuko wapi. Nikasema amekwenda mjini. Nilifungua aliponyamaza.

Jana nilipoingia wodini alivuta karatasi, akaandika, "Usimwambie Yvette." Nikatoka bila kuaga.

Ninamwambia leo, kisha nakwenda polisi. Njoo ukae naye, dada. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na ukiweza, usiwaambie bado.

Ni mimi mdogo wako,
Gérald