Kazi ya Kobe

Shoga, nisome tu, usinipigie. Mtoto kalala mapajani na mimi nalia kimyakimya.

Si unajua leo tulikuwa kwenye ile kambi ya mtandaoni ya kutengeneza programu ya kuwasomea wasioona, ile ya kujitolea? Mimi ndiye niliyekuwa naunganisha kazi za watu wote. Ya Kobe ikagoma kuingia, mistari yake inagongana na ya wenzake. Namwandikia, kimya. Unajua hilo jina la Kobe nilimpa mimi, kumtania kwa uzito wake wa kujibu.

Nikaandika mbele ya kundi zima: "We Kobe, umekufa au umelala? Usipojibu naifunga kazi yako bila kuiingiza."

Umekufa au umelala! Mimi huyu! Mbele ya watu wote!

Jibu likaja kwa jina lake: "Dada, mimi ni mkewe. Tumemzika Jumanne. Alisema atakayeiulizia kazi hii ni wewe. Usiifunge, tafadhali. Mama yake haoni, anaisubiri."

Nikaandika pole, nikafuta, nikaandika tena. Pole gani sasa, baada ya neno lile?

Basi nikaipitia mstari kwa mstari, na kila palipogongana nikabakisha wa kwake. Imeingia kwenye programu, shoga. Mkewe kasema mama mtu ameshaanza kusomewa.

Sasa kazi ikishaingia, mtambo huwa unauliza: nifute nakala aliyokuwa akifanyia kazi mwenyewe? Siku zote nabonyeza "futa" bila hata kutazama.

Leo kidole kimekataa. Nimemwachia Kobe nakala yake palepale.