Mgongo Uliotudanganya

Maman,

Leo sikuamkii. Nimekuamkia maisha yangu yote, mikono miwili na kichwa chini, na leo sitaki. Una miezi mitano kwenye udongo baridi wa Wabelgiji, na mimi ndiyo kwanza nimepata hasira ya kutosha kukuandikia.

Nianze na habari za nyumbani, maana ulipenda habari. Bado tuko Berchem, ghorofa ya tatu, lifti bado mbovu. Yule mzee wa Kibelgiji anayekaa chini yetu alinisimamisha kwenye ngazi wiki moja baada ya mazishi, akanipa pole vizuri kabisa, halafu akauliza kama sasa zile kelele za miguu zitakwisha. Nilimwambia zitakwisha. Na kweli zimekwisha. Hakuna tena mtu wa kupiga kisigino sakafuni ili binti yangu Sifa ageuke.

Unakikumbuka kisigino chako? Sifa akiwa na miaka miwili, ulikuwa unasimama nyuma yake, unamwita jina, na hapo hapo unakanyaga ubao. Akigeuka, unanitazama kwa ushindi. Labda hukujua kwamba mguu ndio uliokuwa unaita. Nakupa hiyo labda. Ni zawadi pekee utakayoipata katika barua hii.

Na kabla ya kisigino kulikuwa na mgongo. Mimi nililala wiki sita na kidonda cha upasuaji wa uzazi kilichokataa kufunga, na wewe ukaitawala nyumba jinsi bibi anavyotawala nyumba ya mzazi: uji, maji ya moto, wageni kurudishwa mlangoni. Sifa akilia, unamfunga mgongoni kwa kitenge, unaimba nyimbo zako za nyumbani Kadutu, shavu lake limelala katikati ya mabega yako, na ananyamaza. Kila mara ananyamaza. Kila uliyemrudisha mlangoni ulimwambia: "Huyu mutoto anasikiaka bien, muzuri kabisa. Nikiimba tu, ananyamaza." Kumbe alikuwa anahisi mtetemo wa mifupa yako. Maneno ya wimbo hayakumfikia hata moja. Mimi nilikuwa kitandani nawatazama, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mgongo huo.

Siku ya pili ya maisha yake, muuguzi alikuwa amempima masikio, na mashine haikutoa jibu zuri. Alisema huenda ni maji tu ya kuzaliwa, tumrudishe baada ya wiki tatu. Wiki tatu zilipofika sikuweza kutembea, ukaenda wewe, mtoto mgongoni. Uliporudi ulivua koti polepole, ukasema, "Bon, tumemaliza," kisha ukaweka karatasi juu ya mto wangu na kalamu juu yake. "Tia signature hapa. Ni ya kusema tu tulifika."

Nikatia. Kesho yake ulivaa viatu ukasema unaenda sokoni Matonge kununua samaki. Ulirudi bila samaki, na sikuuliza.

Miaka minne, Maman. Kwa miaka minne ulimwita mtoto wangu kichwa nguvu. Ulimpigisha magoti akitazama ukuta, kwa sababu umemtuma kijiko mara tatu naye anaendelea kucheza. Halafu ukiwa jikoni unamwambia inuka, yamekwisha. Hainuki. Unasema, "Unaona? Ana kiburi, huyu." Alibaki pale na magoti yake madogo kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba adhabu imekwisha. Siku moja alikojoa hapo hapo, na wewe ukamchapa kwa ajili ya mkojo pia. Nilikuwepo. Nilikuwa nakata vitunguu, nikasema tu, "Maman, inatosha," bila kugeuka.

Mwalimu wake wa chekechea ndiye aliyeniita. Alipiga kengele nyuma ya kichwa cha Sifa, mbele ya macho yangu, kwenye sakafu ya vigae isiyotetemeka. Sifa aliendelea kupaka rangi nyumba yake. Alivaa vifaa vya masikioni akiwa na miaka minne na miezi mitatu, na siku hiyo ya kwanza maji ya bomba yalimtisha akakimbilia chini ya meza. Wewe ulisema Wazungu wamemharibu.

Mwaka huo huo akazaliwa Ombeni. Huyo walimpima mapema, kwa sababu ya dada yake: mwezi mmoja wakajua, miezi minne akavaa vifaa. Masikio yao ni yale yale, Maman, daktari alinionyesha michoro yote miwili na huwezi kuitofautisha. Sasa Ombeni ana miaka sita na anasoma kila kitu. Anasoma pakiti ya maziwa. Anasoma majina ya vituo kwenye tramu hadi abiria wanatabasamu. Sifa ana miaka kumi, anaweka kidole chini ya neno, anatoa jasho, na mdogo wake anamalizia sentensi kabla hajafika katikati. Jana alimpiga kofi. Sikumkaripia.

Nilimuuliza logopède wake, yule mama anayemfundisha matamshi na kusoma, kwa nini. Ni mama mpole, hakupenda kunijibu. Alisema mtoto anayesikia huingiza maneno kichwani miaka mingi kabla ya kwenda shule, na kusoma ni kukutana nayo tena kwenye karatasi. Sifa anakutana na wageni tu. Alisema ataweza, lakini itamchukua muda mrefu na itamuuma, na kwamba miaka ile ya mwanzo hairudishwi na mtu yeyote. Nilirudi nyumbani ukanipakulia sombe, yale majani yako ya muhogo, nikala. Wakati huo bado niliamini ni bahati mbaya. Niliamini ulimpeleka, wakampima, mashine ikakosea.

Nilikulilia vizuri, ujue. Kwenye mazishi Sifa alilikumbatia sanduku lako, akaweka shavu lake kwenye mbao, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka wanaume walipomtoa. Kanisa zima lililia. Walisema tazama jinsi mtoto anavyompenda bibi yake. Mimi peke yangu nilijua kwamba anasubiri mtetemo.

Sasa sikiliza nilichokikuta. Jumamosi iliyopita nilifungua chumba chako ili Ombeni awe analala humo. Chini ya kitanda kulikuwa na lile sanduku lako la kambi ya wakimbizi, lenye karatasi za safari ndani ya mfuko wa plastiki. Ombeni alizitoa moja moja akisoma kwa sauti, kama kawaida yake, na Sifa amekaa mbele yake anamtazama midomo. Akafika kwenye nakala ya njano ya hospitali, ile waliyokuachia siku uliyosema unakwenda kununua samaki. Alijikwaa kwenye maneno makubwa, akarudia, akayapata. *La mère refuse.* Mama ameelezwa kwamba mtoto anahitaji kipimo cha pili. Mama anakataa. Halafu akasoma jina langu lote, akacheka, akaniuliza kwa nini nimo humo.

Sifa akauliza kwa mikono: inasema nini?

Nikamwambia ni karatasi ya umeme. Alinitazama usoni, akaitazama karatasi, akainamia zile herufi kwa bidii kweli, kidole chini ya mstari wa kwanza. Akaacha. Hakuweza kujua kama ninasema uongo.

Najua kwa nini ulifanya hivyo, usidhani sijui. Kule kambini nilikohoa mbele ya daktari wa safari, yule wa kupima wanaopelekwa Ulaya, wakaandika kitu, na faili letu likawekwa kando miaka miwili. Majirani wote waliondoka, sisi tukabaki na mvua. Tangu hapo ulitufundisha: mbele ya watu wa karatasi, hakuna mgonjwa katika familia hii. Ulinifinya paja hadi nikajifunza kumeza kikohozi. Basi hospitalini hapa uliona nyaya, ukaona mtu ana kalamu na anataka kuandika jina la mjukuu wako kwenye orodha ya wenye kasoro, na ukakataa kumfungua mgongoni. Ulimficha. Ulidhani unamwokoa. Lakini tulikuwa tumeshafika, Maman! Tulikuwa na vitambulisho kabatini, hakuna aliyekuwa anatufukuza. Ulimficha mtoto asionwe na watu pekee waliokuwa wanamtafuta kwa wema, kisha ukanidanganya, ukaishi nami miaka kumi mezani ukila chakula changu.

Nilitaka barua iishie hapo. Ningeifunga nikalala vizuri.

Ila wewe hukujua kusoma. Uliishia darasa la pili, karatasi ulikuwa unaishika juu chini. Anayejua kusoma ni mimi. Mimi ambaye nusu ya kanisa inaniletea bahasha zao baada ya ibada niwasomee: za manispaa, za mwenye nyumba, za mahakama. Kwa watu wa nje nasoma hadi maandishi madogo ya chini, naonya watu wasitie saini ovyo, naringa. Karatasi ya mtoto wangu ilikuwa na mistari sita. Kidonda kilikuwa kinauma, wewe ulikuwa umesema tumemaliza, na mimi nilitaka yawe yamemalizika. Uliweza kunidanganya kwa mdomo tu. Karatasi ilikuwa inasema kweli, iko juu ya mto wangu.

Kwa hiyo nakuchukia, na sina mtu wa kukuchukia pamoja nami.

Kila Jumatano mchana, wanapotoka shule mapema, mimi na Sifa tunakaa jikoni na kitabu kimoja cha watoto wadogo. Kinamwaibisha, ana miaka kumi. Juzi alisoma ukurasa mzima bila msaada, akaelewa, akainua uso akisubiri furaha yangu. Nilipiga makofi. Na moyoni niliogopa, Maman, niliogopa mtoto wangu anajua kusoma.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha asiyoijua. Ilibaki yote mgongoni mwako. Huo ni woga, nami ninaujua. Basi nakuahidi hivi. Nitaiandika tena kwa Kifaransa, kwa sentensi fupi. Karatasi ya njano nimeitoa kwenye sanduku, iko kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko. Sitaacha kumfundisha, hata Jumatano moja. Na siku atakapoweza, nitamkalisha mezani, nitampa vyote viwili, nitakaa mbele yake mahali anapouona mdomo wangu, na sitamwambia ni umeme.

Lala sasa. Bado tuna muda kidogo, wewe na mimi. Yuko ukurasa wa kumi na mbili.

Mwanao, aliyetia saini,
Noëlla