Muthokoi wa Jumamosi

Jumanne, baridi ya Julai. Siku ya tatu sasa Kileleshwa haijaona jua, na magoti yangu yameniambia hata kabla sijafungua pazia.

Kuna jambo nimelificha kuhusu kifo cha mke wangu. Ninaliandika leo kwa sababu daktari ameacha kuzungumza nami habari za mwezi ujao, na kwa sababu binti yangu Mwende amebeba lawama isiyo yake kwa miaka kumi na mmoja.

Ninyi mnaosoma blogu hii mnanijua kama mzee wa kula kwa utulivu. Usijinyime, usipime kila tonge. Kaa chini, tafuna, lisikilize tumbo lako. Mmenishukuru sana kwa maneno hayo.

Si yangu.

Ni ya Kalekye, mke wangu. Aliyasema jikoni kwetu Riruta akichambua ndengu, nami nikimcheka. Alipopatikana na ugonjwa wa sukari hakuacha chakula chochote alichokipenda. Alipunguza tu, akaongeza kunde, akakataa kula akiwa amesimama. Na hakula kabla yangu. Mwende alimgombeza hadi akachoka: "Mama, kula. Baba si mtoto wa kungojewa."

"Nile peke yangu, kwani mimi ni paka?"

Ni Mwende aliyemfundisha kujidunga insulini. Alimkumbusha mara nyingi: jidunge chakula kikiwa mezani, si mapema, na ukishajidunga, kula, la sivyo sukari itashuka hata ikuue.

Jana Mwende aliniletea uji wa wimbi. Nilikunywa vijiko vitatu nikakisukuma kikombe. "Malizia, Baba, ama nimwite yule mzee wa blogu aje akuhubirie?" Nilicheka, nikaishia kukohoa. Alinipangusa kidevu, akakaa ukingoni mwa kitanda, kisha akasema kama anayejisemea, "Ningemwandikia kwa karatasi. Ningebandika kwa friji. Mimi nilimwambia kwa mdomo tu."

Nilijua anamsema nani. Nilimshika mkono, nikanyamaza. Hivyo ndivyo nimefanya kila mara anaposema hivyo, na kila mara amedhani ninamsamehe.

Mwende, wewe ndiye husoma kwanza ili unisahihishie makosa. Leo usisahihishe kitu. Na usije chumbani kabla hujafika mwisho.

Mama yako hakukosea kipimo. Hakusahau ulichomfundisha.

Ilikuwa Jumamosi. Alikuwa amepika muthokoi na maharagwe, mahindi ameyatwanga mwenyewe asubuhi. Saa saba mchana akanipigia simu. "Baba Mwende, umefika wapi? Nipakue?"

Nikamwambia, "Pakua. Niko karibu, nimeshafika Kawangware."

Wanairobi wote husema hivyo. Mtu bado anatafuta viatu chini ya kitanda, anakuambia yuko kituoni. Hakuna anayekuita mwongo. Mwenzako anajua aongeze nusu saa, na maisha yanaendelea. Lakini Kalekye hakuwa mtu wa kuongeza nusu saa. Nikisema nimefika Kawangware, kwake nilikuwa nimefika Kawangware.

"Haya," akasema, "basi wacha nijidunge."

Nilimsikia vizuri. Nilijua maana yake kama wewe uijuavyo, kwa maana ulipomfundisha nilikuwa nimeketi hapo hapo. Ningeweza kusema, ngoja kwanza. Nilisema, "Jidunge."

Alipiga tena mara mbili. Sikushika.

Nilimkuta saa tisa unusu. Kichwa kilikuwa kimelala mezani, sahani zote mbili zimejaa, ile yangu ameifunika. Hakuamka tena. Hospitalini ulipofika ukilia, uliniuliza kwa nini hakula, nikakuambia pengine alichanganya kipimo. Ukauliza nilikuwa wapi, nikasema foleni, kuna lori lilikuwa limeanguka barabarani. Ukanikumbatia. Ulinionea huruma, mwanangu, siku ile na miaka yote hii.

Hakukuwa na lori. Nilikuwa Kilimani na wenzangu tuliostaafu pamoja, nyama ya mbuzi ndiyo kwanza imekatwa ubaoni, na nilipomwambia mama yako ajidunge sikuwa na nia yoyote ya kuinuka.