Kapchumba kwa Ufupi

Jumatatu, 5 Machi 1928

Mvua tangu asubuhi. Wino haukauki. Nimeandika majina ya upande wa Litein, kisha nikageukia ule mgongo wa kilima unaoelekea Kimulot. Hapo nafasi imekwisha. Boma karibu na boma, na karibu kila jina linaanza na Kap, yaani kwa fulani. Kwetu ziwani tunasema Ka. Sikuhitaji kufundishwa.

Bwana Mpimaji alikuja kusimama nyuma yangu. Nachukia anaposimama nyuma yangu. Akasema ramani si kitabu cha hadithi, majina yafupishwe. Ndiyo, Bwana.

Jumatano, 7 Machi

Nimefupisha. Litein na Kaplong nimeziacha nzima, ni vituo. Maboma ya mgongoni yote nimeyaandika K. na nukta. Kapchumba ni K. Jirani yake ni K. Yamekaa pale kama kunguru.

Arap Tonui, mkalimani wetu, aliinama akatazama, akacheka.

"Karani, hawa wote sasa wamekuwa ndugu?"

Nikamwambia ni amri.

"Amri ilisema fupisha. Haikusema uyameze."

Kweli. Ningeweza kuacha herufi tatu au nne. Niliogopa Bwana asije akasema bado ni ndefu.

Ijumaa, 9 Machi

Usingizi mbaya. Kapchumba haitoki kichwani.

Mwaka jana tulipita huko na mnyororo wa kupimia. Kogo Tapkigen, yaani Bibi Tapkigen, mjane wa Chumba, alitutolea mursik. Maziwa yenye mkaa sijayazoea, nikanywa tu. Aliuliza kama jina la mumewe litaandikwa. Hana mtoto wa kiume. Mzee amebaki katika jina la boma peke yake: watu wakisema wanakwenda Kapchumba, Kogo anajua mumewe bado ana nyumba. Bwana alimjibu kupitia kwa Arap Tonui kwamba boma lililoandikwa halitaguswa. Niliandika pale pale daftarini, mbele yake, herufi zote. Alitabasamu.

Jumatatu, 12 Machi

Siku mbaya.

Wamekuja watu wa kampuni ya chai kuitazama ramani. Walipoondoka, Bwana aliniita. K. hizi ni nini? Huko Nairobi ramani itapunguzwa, na herufi iliyosimama peke yake itaonekana kama kinyesi cha inzi. Ziondolewe.

Nilisema, Bwana, hayo ni maboma, watu wanakaa. Sauti yangu niliisikia ikitoka ndogo.

"Yanaitwaje, hapo kwenye ramani?"

Mimi mwenyewe ndiye niliyeyaondolea majina. Akauliza kama nimechoka na kazi, maana vijana wa misheni wanaoitaka ni wengi. Nikamfikiria baba, anavyowaambia watu kanisani kwamba mwanawe anaandika nchi.

Nikachukua wembe nikakwangua.

Alhamisi, 15 Machi

Mpaka wa shamba jipya la chai umechorwa leo. Kwa rula, juu ya mgongo wote. Ndani yake nimeamriwa kuandika kwamba ardhi hii haina watu. Maneno kamili, bila kufupisha. Nafasi ilitosha.

Arap Tonui hasemi nami.

Jumatatu, 30 Aprili

Watu wa mgongoni wameambiwa wahame kabla ya kuvuna wimbi.

Kogo Tapkigen alikuja ofisini na Arap Tonui. Bwana hakuwapo. Afadhali angekuwapo, angewafukuza. Kogo alinisalimu, chamgei, kwa uchangamfu. Alinikumbuka.

"Anasema, mwanangu, waonyeshe hawa watu wanaotuhamisha," akatafsiri Arap Tonui. "Anasema wewe uliandika. Wao hawakuona, ndiyo sababu wanakosea."

Nikaitandaza ramani. Kusoma hajui, ila mto anaujua. Aliufuata kwa kidole kutoka chini, akapita kivuko, akapanda, kidole kikasimama. Palepale. Kitambaa cha ramani kina makwaruzo mahali hapo. Akapapasa. Akapapasa tena. Akasema jambo kwa sauti ya chini.

Arap Tonui hakutafsiri. Alinitazama tu.

"Anauliza nini?"

"Umeelewa, karani."

Nikasema sijui. Nikasema ramani huharibika kwa unyevu.

Kogo aliniambia asante. Kwa Kiswahili. Labda ndilo neno pekee analolijua.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika hapa kwa sababu mahali pengine sitaliandika.

Jumamosi, 16 Juni

Ramani imerudi kutoka Nairobi, imepigwa chapa. Safi sana. Mgongo wa kilima ni mweupe.

Arap Tonui amerudi kunisalimu, basi. Anasema Kogo yuko upande wa Kaplong, kwa mume wa dada yake. Boma lile lina jina la shemeji. Kapchumba ilichomwa pamoja na nyingine. Wameshaanza kung'oa visiki.

Bwana amefurahi. Amenipa nakala moja niwapelekee wa nyumbani. Ameruhusu hata jina langu litiwe pembeni, chini kabisa, kwa ufupi: Z. O. Herufi mbili na nukta zake. Zimepunguzwa pamoja na ramani, na bado zinasomeka vizuri.

Nimeikunja nikaiweka chini ya godoro. Baba sitampelekea. Mvua bado inanyesha.