Magunia ya Ulezi na Wilibrodi

Kaengesa,
Sumbawanga.
11 Novemba 1973

Mpendwa kaka Leonardi,

Shikamoo. Vipi afya yako, na ule mguu umepona? Huku tu wazima. Mama anakohoa lakini jembe haachi. Mvua zimeanza, na muda si mrefu barabara ya Tunduma haitapitika.

Barua yako ya hasira imefika. Haki yako. Uliomba chakula cha wapigania uhuru unaowaongoza, tukakupelekea kimea cha kupikia pombe. Ila usiwaseme sana kina mama. Unajua kwetu watu wakiitwa kwenye kazi nzito huandaliwa pombe, na kazi gani nzito kuliko yenu? Waliona kupeleka unga mtupu ni kuwadharau. Nilicheka, halafu nikasoma pale uliposema vijana walilala njaa, kicheko kikaisha.

Safari hii nimesimamia mwenyewe. Ulezi tumeukausha vizuri kabla ya kusaga, usije ukavunda njiani. Yapo maharage, na samaki wakavu kutoka Muze. Rozina, mke wa katekista, kaja tena na kimea chake, nikamrudishia mlangoni. Mpaka leo hanisalimii. Atazoea.

Uliandika kwamba risasi unazo, ila mwenye njaa haamriki, na kwamba wanatoroka mmoja mmoja usijue kesho utabaki na nani. Kaka, mmoja wao yuko kwangu. Mwanangu Wilibrodi ameingia juzi, amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti. Baba yake anataka tumfiche kwa shangazi yake, kule Kasense.

Nimekataa. Nikimficha wangu, nitamwomba vipi mama mwingine ulezi wa kumlisha wake aliyebaki huko?

Amekula, amelala, ameamka akala tena. Nilipomwambia anarudi, hakubisha. Kesho lori likiondoka atakuwa juu ya magunia. Roho inaniuma, sikufichi, lakini nimeshaamua.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu Monika na wanawe, na baba Wilibrodi pia ingawa kaninunia. Mungu akutangulie wewe na vijana wote ulionao, awarudishe salama kwa mama zao.

Najua jeshini mtoro ana adhabu yake. Usimpendelee kwa kuwa ni mpwa wako. Ila magunia yakishashushwa, wapikie wote washibe, naye akiwemo. Ndipo umhukumu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dominika